Jina bandia pekee halifichi siri ya mgonjwa

HEBU fikiria, msomaji. Umemweleza daktari wa akili mambo ambayo hata mwenzako wa ndoa hayajui: chuki uliyo nayo kwa mzazi wako, ndoto zinazokutia haya, mapenzi uliyoyazika moyoni. Miaka kadhaa baadaye unafungua kitabu na kujikuta humo. Jina si lako, lakini maneno ni yako. Je, utamwamini daktari tena?

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Katika tiba ya nafsi iliyoasisiwa na Sigmund Freud mjini Vienna, Austria, mgonjwa huombwa aseme kila linalomjia akilini, hata liwe la aibu. Wakati huohuo, madaktari hujifunza kazi hii kwa kusoma visa vya wagonjwa wa wenzao. Visa visipochapishwa, elimu itadumaa. Vikichapishwa ovyo, wagonjwa watafunga vinywa.

Freud mwenyewe alikabiliwa na mtihani huo. Mwaka wa 1900 alimtibu msichana wa miaka 18 kwa muda wa majuma 11 hivi. Alingoja hadi mwaka wa 1905 ndipo akachapisha kisa chake katika jarida la wataalamu, akimwita Dora. Hata hivyo, hakumwomba ruhusa, akishikilia kwamba kuomba kungekuwa kazi bure. Alikiri kuwa msichana huyo angeumia maandishi hayo yakimwangukia mikononi, ila akatumaini hakuna mwingine angemtambua.

Lakini siri ilivuja. Mwaka wa 1922 mwanamke huyo alimwambia daktari mwingine, Felix Deutsch, kwamba ndiye Dora. Deutsch aliandika habari zake mwaka wa 1957, mwenyewe akiwa amekwisha kufariki. Leo jina lake halisi limo katika vitabu vingi.

Huko New York, mambo yalifika kortini. Daktari wa akili, akishirikiana na mumewe, alichapisha kitabu chenye mawazo na siri za mgonjwa wake neno kwa neno, miaka minane baada ya matibabu kwisha. Alidai mgonjwa alikubali alipokuwa bado anatibiwa. Mwaka wa 1977 mahakama ilikataa hoja hiyo, kwani hapakuwa na kibali cha maandishi. Nakala 220 tu ndizo zilizokuwa zimeuzwa, lakini mgonjwa alilipwa fidia ya dola 20,000.

Basi daktari afanye nini? Mwaka wa 2000 Mmarekani Glen Gabbard alieleza njia kadhaa: kubadilisha kabisa maelezo yanayomtambulisha mgonjwa, kuchanganya visa vya watu kadhaa, kumwachia daktari mwenzake aandike, au kuomba ridhaa. Kila njia ina kasoro yake. Ukibadilisha mengi mno, unaweza kuwapotosha wasomaji. Ukiomba ridhaa, mgonjwa huenda akakubali kwa sababu tu anaogopa kumuudhi anayemtibu.

Hapa Kenya, Katiba ya 2010 inalinda faragha ya kila mtu katika kifungu cha 31. Nayo Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inaziweka habari za afya katika kundi la data nyeti, na inakuruhusu kuondoa ridhaa uliyoitoa.

Kwa hivyo, msomaji, ukienda kwa daktari wa akili au mshauri nasaha, uliza mapema: Je, utaandika habari zangu? Nitasoma kabla hazijachapishwa? Nikikataa, utaendelea kunitibu? Usikubali papo hapo. Nenda nyumbani ukafikirie, na jibu lako litiwe katika maandishi. Kumbuka kwamba jirani yako hahitaji jina ili akutambue. Idadi ya watoto, kazi ya mumeo na ugomvi wa shamba vinamtosha.