Je, Wajua? Kioo cha Mbele cha Jeep Hulazwa Juu ya Boneti

Jeep ya jeshi la Marekani, ya mwaka 1941, ilikuwa na kioo cha mbele kinacholala juu ya boneti. Kikishalazwa, askari walikifunika kwa turubai, maana mng'ao wa jua ungewafichua kwa adui. Hatari kubwa zaidi ilikuwa waya uliotegwa kukatiza barabara, usawa wa shingo ya dereva. Ndiyo maana Jeep nyingi zilifungwa kwenye bampa chuma kirefu kilichosimama wima, chenye ncha iliyopinda ya kukatia waya huo.

Jeep Wrangler ya 2018 bado ina kioo cha kulaza: unatoa waipa, unafungua bolti nne za juu, unakilaza na kukifunga kwa mkanda. Porini miamba huonekana vizuri zaidi. Ila vaa miwani ya kukinga macho, na kirudishe kabla ya kuingia barabara kuu.