Umeitwa kwenye usaili wa uafisa probesheni? Kaanzie mahakamani

Tangazo la kuitwa kwenye usaili likishatoka, makundi ya WhatsApp ya wahitimu wa ustawi wa jamii, sosholojia na sheria hayalali. Watu wanarushiana maswali ya miaka iliyopita na majibu yaliyokwisha kuandaliwa, kila mmoja akihangaika kukariri kabla siku haijafika. Siwalaumu, maana nafasi ni chache na waombaji ni wengi. Lakini kazi wanayoiomba ni ya kumwandikia hakimu ripoti itakayomsaidia kuamua kama mtu aende gerezani au abaki kwao chini ya uangalizi. Ripoti hiyo ikiandikwa na mtu aliyezoea kukariri, anayeumia ni yule aliye kizimbani, au yule aliyeibiwa.

Maandalizi ya kweli yanaanza na sheria. Huku mtaani mtu yeyote aliyehukumiwa na bado tunapishana naye sokoni tunasema ana kifungo cha nje, na yanaishia hapo. Msailiwa hana ruhusa ya kuchanganya namna hiyo. Ziko sheria tatu ambazo ni lazima azisome mwenyewe, kifungu kwa kifungu, badala ya kutegemea muhtasari wa rafiki.

Ya kwanza ni Sheria ya Probesheni, Sura ya 247, iliyoanza tangu enzi za mkoloni. Hapa mahakama, badala ya kumfunga mkosaji, inamwachia kwa masharti kwa muda usiozidi miaka 3, naye anakuwa chini ya uangalizi wa afisa probesheni. Masharti hayo anaelezwa kwa lugha anayoielewa, na lazima ayakubali. Akiyavunja, anarudishwa mbele ya mahakama na anaweza kuadhibiwa kwa kosa lile lile alilolitenda mwanzo.

Ya pili ni Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002. Hii inawahusu wenye makosa ambayo kifungo chake hakizidi miaka 3. Mkosaji analala kwake, lakini anatakiwa kufanya kazi bila malipo saa 4 kwa siku katika taasisi ya umma: kufyeka shule, kusafisha zahanati, kupanda miti, kuzibua mitaro.

Ya tatu ndiyo inayowaangusha wengi. Sheria ya Bodi za Parole ya mwaka 1994 inamhusu mtu ambaye tayari yuko gerezani, anayeweza kuachiwa kwa masharti kabla kifungo chake hakijaisha. Awe na kifungo cha miaka 4 au zaidi, awe ametumikia theluthi moja, na awe na mwenendo mzuri. Aliyefungwa maisha hahusiki, wala aliyefungwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Kwetu parole inaratibiwa na Jeshi la Magereza, lenye utaratibu wake wa kuajiri, wakati probesheni na huduma kwa jamii ziko kwenye idara ya kiraia chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Msamaha wa Rais nao ni jambo jingine kabisa, unatoka kwenye Ibara ya 45 ya Katiba. Kwa maoni yangu, mtu anayeingia kwenye chumba cha usaili bila kujua tofauti ya probesheni na parole hastahili kupita, hata awe na shahada ya daraja la kwanza.

Tuseme sheria umezisoma. Mtihani wa mchujo ukiuvuka, unakuja usaili wa mahojiano, na huko jopo linataka kujua utafanya nini siku ya kwanza kazini. Jipime kwa swali kama hili: kijana wa miaka 19 ameiba betri ya pikipiki ya jirani. Amekiri, na ni kosa lake la kwanza. Mama yake analia, jirani ana hasira, hakimu anataka ripoti baada ya wiki mbili. Utaanzia wapi?

Wengi watajibu kwamba watampa kijana ushauri nasaha. Ushauri utakuja, ila kwanza ni uchunguzi. Zungumza na kijana peke yake, mbali na mama. Nenda nyumbani kwao uone anaishi na nani na anakula kwa kazi gani. Pita kwa mjumbe na kwa mwenyekiti wa mtaa, maana wao wanajua kama ni kosa la kwanza kweli au ni la kwanza kufika polisi. Kisha nenda kwa mwenye betri. Huyu wasailiwa wengi humsahau kabisa, nami naliona hilo kuwa kosa kubwa kuliko kukosea namba ya kifungu cha sheria. Pikipiki ndiyo iliyokuwa ikimlipia kodi ya chumba, na sasa imelala wiki nzima. Je, anataka kijana afungwe, au anataka betri yake? Ukimuuliza hivyo anaweza kukupa jibu ambalo hakuna aliyelitarajia. Yote hayo yaingie kwenye ripoti, pamoja na pendekezo lako na sababu zake. Uamuzi unabaki kwa hakimu, na ni vizuri jopo likusikie ukilisema hilo kwa kinywa chako.

Halafu geuza swali. Kijana amepewa huduma kwa jamii, kazi yake ni kufagia zahanati ya kata. Siku tatu hajaonekana, na muuguzi anayemsimamia anasema tumhurumie, tusiandike. Au mama yake amekuja ofisini na kuku wawili na elfu hamsini, anasema ni asante tu, mwanangu. Majibu ya hapa hayapatikani kwenye notsi. Unamtafuta kijana ujue kilichomzuia, unaandika ulichokikuta, na kama amekaidi unairudishia mahakama taarifa. Kuku na hela unavikataa kwa heshima, mbele ya shahidi, na unaliandika tukio hilo. Sema hivyo bila kuzunguka.

Likisahaulika suala la watoto, umeharibu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni aliye chini ya miaka 18, na inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo cha gerezani. Kwa hiyo kijana wetu wa betri angekuwa na miaka 16, njia nzima ingebadilika, na afisa ustawi wa jamii angekuwa mtu wa kwanza kumtafuta.

Ukiulizwa kazi hii ilianzia wapi, mkumbuke John Augustus, fundi viatu wa Boston, Marekani. Mwaka 1841 alimdhamini mahakamani mtu aliyeshtakiwa kwa ulevi, akamrudisha baadaye akiwa ametulia, na hadi alipofariki mwaka 1859 alikuwa amewadhamini watu karibu 2,000. Hakulipwa na serikali. Mimi huwa napenda vijana wamjue huyu kabla ya kuuliza mshahara wa kuanzia.

Kuhusu vyeti, soma tangazo la Sekretarieti ya Ajira neno kwa neno. Vinatakiwa vyeti halisi, kuanzia cha kuzaliwa, kidato cha nne na cha sita hadi cha chuo, pamoja na kitambulisho. Hati za matokeo hazipokelewi badala ya cheti. Kama cheti cha kidato cha nne kinasema Mwanaidi Juma na cha chuo kinasema Mwanahidi J. Salum, tafuta hati ya kiapo mapema, kwa sababu mlangoni hakuna atakayesikiliza maelezo. Waliosoma nje ya nchi wahakiki vyeti vyao kwa mamlaka husika. Nauli, chakula na malazi ni juu yako, basi anza kujikusanya tangu siku ulipotuma maombi.

Ndani ya chumba, salimia kama ulivyolelewa, kaa ukikaribishwa, na ukiambiwa ujieleze usirudie wasifu ambao wanao mezani. Waeleze kwa dakika mbili ni kitu gani kimekuleta kwenye kazi hii. Swali usilolijua, sema hulijui. Afisa atakayetunga jibu mbele ya jopo atatunga pia mbele ya hakimu.

Kabla ya siku hiyo nakuomba ufanye jambo moja. Nenda mahakama ya mwanzo iliyo karibu nawe, ukae benchi la nyuma asubuhi nzima. Kesi za watu wazima husikilizwa hadharani na hakuna kiingilio. Tazama watu wanaosomewa hukumu kwa wizi wa simu, kwa kupigana kilabuni, kwa kushindwa kulipa faini, na kwa kila mmoja jiulize ungemwandikia hakimu nini. Ukirudi nyumbani iandike hiyo ripoti, ukurasa mmoja, kwa mkono wako.