Majani ya chai hupimwa, wimbo je?

Na Mwandishi Wetu

MGENI anayelala Mogogosiek haamshwi na jogoo peke yake. Kabla ukungu haujainuka juu ya mashamba ya chai, redio huwa zimekwisha kufunguliwa jikoni na katika vihoteli vya sokoni. Maji yanapochemka, gitaa la Kikalenjin linalia, mwimbaji anapokezana na wenzake, na mtangazaji anakatiza katikati kutuma salamu.

Baadaye siku hiyo hiyo, akina mama na vijana hushuka na vikapu vya majani mabichi hadi kwenye kituo cha kununulia. Hapo hakuna mzaha. Majani hupimwa, karani huandika kilo, na mkulima hupewa risiti yake. Mwisho wa mwezi hulipwa kwa kila kilo, na mwaka wa mauzo unapokwisha huja bonasi. Hata mwenye nusu ekari anajua amepeleka kilo ngapi kiwandani. Akipunjwa, mji mzima utasikia.

Sasa, msomaji mpenzi, hebu turudi kwenye ule wimbo wa asubuhi. Umepigwa alfajiri, utapigwa adhuhuri na pengine usiku. Umewaweka wasikilizaji karibu na redio hadi tangazo la sabuni likapita. Je, nani aliupima? Aliyeuimba alipewa risiti gani?

Hili ndilo swali linaloulizwa tangu vituo vya redio vilipoanza kumea nchini kama uyoga, miaka ya tisini na baada ya hapo: vituo hivi viwalipe mirabaha waimbaji na wapigaji ala, au kule kutangazwa tu kunawatosha?

Mtunzi si mwimbaji

Watu wengi huchanganya haki mbili. Kuna haki ya mtunzi, yaani aliyebuni maneno na sauti za wimbo. Kisha kuna haki ya mtumbuizaji, yaani mwimbaji, mpiga gitaa, mpiga ngoma na wale wanaoitikia. Mara nyingine mtu mmoja huwa yote mawili, lakini mara nyingi sivyo. Mwenye kulipiga gitaa la besi katika rekodi nzima huenda hakutunga hata neno moja. Haki ya mtunzi haimgusi.

Mfano mzuri hauko mbali na Mogogosiek. Mwaka 1950, Hugh Tracey, mtafiti wa muziki aliyekuwa akiishi Afrika Kusini, alifika Kapkatet na mitambo yake ya kurekodi. Wasichana wa Kikipsigis walimwimbia wimbo uitwao Chemirocha. Jina hilo ni la Mmarekani Jimmie Rodgers, mwimbaji wa gitaa aliyefariki mwaka 1933, likitamkwa kwa ulimi wa huku. Santuri zake zilikuwa zimefika hadi vijijini, na wenyeji wakamfanya kiumbe wa ajabu, nusu mtu na nusu paa.

Rekodi ile ilisafiri. Ilitolewa kwenye santuri, ikatolewa tena miaka mingi baadaye, na ikasikilizwa Ulaya na Marekani na watu wasioweza kuionyesha Kapkatet kwenye ramani. Miaka ya 2014 na 2015, maktaba ya muziki ya ILAM, ambayo Tracey aliianzisha mwaka 1954, ilishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi kuzirudisha nchini nakala za rekodi zake. Miaka 65 ilikuwa imepita. Wasichana wa wakati ule walikuwa ama wamezeeka ama wametangulia mbele ya haki.

Hata tukisema kwamba wimbo wa kijiji hauna mtunzi mmoja wa kulipwa, zile sauti zilikuwa za watu. Hapo ndipo haki ya mtumbuizaji inapohitajika.

Sheria iliyochelewa

La kusikitisha ni kwamba sheria iliwapita. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 2001 humlinda mtumbuizaji kwa miaka 50 tangu alipoimba na kurekodiwa. Hesabu mwenyewe: kutoka 1950, miaka hiyo ilikwisha mwaka 2000. Na kifungu cha 30A, kinachotaka mwimbaji na mzalishaji wa rekodi walipwe muziki wao unapotangazwa, kiliingizwa mwaka 2012. Kilipingwa mahakamani, lakini wazo lenyewe limekita mizizi.

Wasichana wa Kapkatet hawatalipwa kwa sheria hiyo. Lakini waliofuata je? Miaka ya sabini, duka la Chandarana mjini Kericho lilirekodi na kuuza santuri za bendi za sehemu hizi. Marehemu Kipchamba arap Topotuk angali anasikika redioni hadi leo. Nyuma ya kila mwimbaji wa namna hiyo kulikuwa na wapigaji ambao majina yao hayakuandikwa hata kwenye jalada.

Hoja za wenye redio

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Wenye vituo nao wana hoja. Wanasema redio ndiyo inayomtangaza msanii. Bila Kass FM au Chamgei FM, nani angemwalika kuimba kwenye harusi na mikutano? Wanasema pia kwamba kituo kidogo kina bili ya umeme, mishahara na ada za leseni, na kwamba hulipa mirabaha ya watunzi tayari.

Tena wanaweza kuielekeza Marekani, nchi ile ile ya Jimmie Rodgers. Huko, hadi leo, kituo cha redio cha kawaida kinachorusha matangazo kwa mnara humlipa mtunzi, lakini hakimlipi mwimbaji wala mpiga gitaa. Ajabu ni kwamba wimbo huo huo ukipitia setilaiti au intaneti, mwimbaji hulipwa, kwa sheria iliyopitishwa mwaka 1995.

Hoja ya kutangazwa ina ukweli ndani yake, lakini haimalizi deni. Kiwanda cha chai nacho humtafutia mkulima soko ambalo asingelifikia peke yake. Hata hivyo hatujasikia kiwanda kikimwambia mkulima kwamba soko tu linamtosha, aache majani yake bure aende zake. Kituo huuza matangazo kwa sababu watu wanasikiliza, na mengi wanayoyasikiliza ni muziki. Kwa hivyo vilipe, hata kama kituo kidogo kitatozwa kidogo kulingana na pato lake.

Bonasi bila mizani

Lakini kulipa peke yake hakutoshi. Kwa miaka mingi fedha hizi zimekusanywa na vyama vitatu: MCSK kwa watunzi, KAMP kwa wazalishaji na PRISK kwa watumbuizaji. Leseni zao kutoka Bodi ya Hakimiliki zimetolewa, zikanyang'anywa na kurudishwa mara kadhaa, na wasanii hawajaacha kulalamika.

Mwaka 2019, MCSK iligawa mirabaha, na wanachama wake wapatao 14,000 wakapewa Sh2,530 kila mmoja. Aliyepigwa redioni kila siku na ambaye wimbo wake haukusikika kabisa walipewa sawa. Hebu fikiria kiwanda kikigawa bonasi hivyo, mwenye kilo 50 na mwenye kilo 5,000 wapokee sawa. Sidhani karani angelala Mogogosiek usiku huo.

Hapo ndipo kiini cha jambo kilipo. Wimbo haupimwi. Kituo kisipoweka daftari la kila wimbo kilioupiga, jina la mwimbaji na saa, chama hakiwezi kujua nani anadai nini. Siku hizi zipo programu za kompyuta zinazosikiliza redio mchana kutwa na kuutambua wimbo. Mizani ipo. Kinachokosekana ni lazima ya kuitumia, na ruhusa ya msanii kuyaona matokeo kama mkulima anavyoiona risiti yake.

Wasanii nao wana lao. Vijana wengi huingia studio, wakarekodi na kutoka bila kuandika hata karatasi moja. Ikiwa nyumbani kwako kuna kijana anayepiga gitaa au kuimba kwaya, mwambie kabla ya kurekodi waandike majina ya wote walioshiriki, sehemu ya kila mmoja na tarehe, kisha wajisajili. Majani yasiyofika kwenye mizani hayana bonasi.

Kesho asubuhi redio zitafunguliwa tena Mogogosiek, na mtu ataimba kabla jua halijachomoza. Haombi sadaka. Anachotaka ni kile ambacho jirani yake mwenye kikapu amekuwa nacho miaka yote: apimiwe, aandikiwe, alipwe.