Springi, Lami na Adabu ya Kupima (Sehemu ya Tatu)

Barabara ya pwani ndiyo gumzo la Tanga kwa sasa. Njia ya kutoka Bagamoyo kupitia Makurunge, Saadani na Pangani hadi Tanga, yenye urefu wa kilomita 256, inajengwa kwa lami, na juu ya Mto Pangani daraja la mita 525 ndilo litakalochukua kazi ya kivuko. Kwa mkulima wa nazi wa Mwera na mvuvi wa Kipumbwi hiyo ni neema isiyohitaji maelezo. Lakini vijana wa gereji za Ngamiani wameipokea kwa shauku ya aina yao: lami ikifika, gari linaweza kulala chini. Vitz, Passo, IST na Starlet kuukuu huingia gereji zikiwa na kimo chake cha kiwandani, zikatoka zimelaza tumbo, rimu pana, nusu ya tairi imejificha ndani ya madigadi. Na hawa ni jamaa walewale ambao mpaka juzi walikuwa wakifunga spesa ili gari lipande, wapate kupita kwenye mashimo.

Sina ugomvi na kushusha gari. Gari dogo lililoshushwa kwa kiasi hupinda kona vizuri zaidi, halilali upande, na macho nayo yana haki yake. Ugomvi wangu ni na grainda inayotangulia rula. Springi, shokapu na mpira wa kuzuia kugonga tulikwisha kuvichambua katika sehemu mbili zilizopita, kwa hiyo sitavieleza upya kimoja kimoja. Leo nataka tuulize swali moja: raha ya gari inakaa wapi, na fundi anaweza kukata nini bila kuigusa?

Kabla ya kulijibu, wasomaji wanaonijua watanivumilia nipitie kwa Pijo, yaani Peugeot, maana Afrika Mashariki hakuna mwalimu wa springi aliyemzidi.

Mashindano ya magari ya Safari yalianzishwa mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Miaka ya mwanzo Volkswagen ya kobe ilitamba. Kisha ikaja Peugeot 404, gari la familia lililozinduliwa mwaka 1960 likiwa na umbo la Pininfarina, gari ambalo mwalimu mkuu au karani wa mkonge angeweza kwenda nalo kazini. Likashinda Safari mwaka 1963, likashinda tena 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7 tu. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakamaliza 7 vilevile, na miaka yote miwili washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff. Ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland na Chris Rothwell, na Shankland alikuwa dereva wa hapahapa Tanzania. Nashangaa kijana wa Tanga anaweza kukutajia majina ya madereva wa Ulaya bila kukwama, lakini la Shankland hajawahi kulisikia.

Pijo ile ilishindaje? Magari yenye injini kubwa kuliko yake yalikuwapo. Siri ilikuwa chini ya bodi: springi laini zenye safari ndefu, yaani gurudumu liliweza kupanda na kushuka sana kabla ya kugota popote, na shokapu ambazo Peugeot walizitengeneza wenyewe badala ya kuzinunua nje. Ile ya stesheni wagoni ilikuwa na springi mbili kila upande wa nyuma, ndiyo maana iliweza kusheheni familia nzima na magunia juu ya paa bila kukaa chini. Wahandisi wale walikuwa wamepima mzigo, wakapima barabara mbaya, ndipo wakapinda chuma. Mpangilio huo wa kazi ndio ninaoupigania katika safu hii, na nitaupigania mpaka mhariri achoke.

Sasa hesabu. Gari likikaa juu ya springi zake hucheza juu na chini kwa mwendo wake maalumu. Mwili wa binadamu huridhika mwendo huo ukiwa kati ya mara 1 na mara 1.5 kwa sekunde. Ukiwa wa taratibu mno, mara moja kwa sekunde tano hivi, ni mwendo wa jahazi katika mkondo wa Pemba, nao hutapisha. Ukifika kati ya mara 4 na 8 kwa sekunde, kiwiliwili chenyewe huanza kutetemeka pamoja na kiti, na hapo ndipo mgongo hulalamika. Mwendo huo unategemea jambo moja rahisi: springi imebonyea kiasi gani kwa uzito wa gari lenyewe. Ikibonyea sentimita 25, gari hucheza mara 1 kwa sekunde. Sentimita 11, mara 1.5. Sentimita 6, mara 2. Fundi akikuambia ameshusha gari na "halijabadilika kitu", muulize springi mpya inabonyea sentimita ngapi. Hata asipokuwa na jibu, swali litamfaa.

Tuseme springi ina mizunguko 6 inayofanya kazi, na mmoja unakatwa. Ugumu wake hupanda kwa sehemu 6 juu ya 5, yaani asilimia 20, na gari lililokuwa likicheza mara 1.3 kwa sekunde sasa litacheza mara 1.4 hivi. Si balaa. Abiria wengi wasingeitambua tofauti hiyo. Basi kwa nini gari la springi ya kukatwa humpasua mtu kiuno pale anapovuka rasta za Pongwe?

Kwa sababu ya safari iliyopotea. Kama gurudumu lilikuwa na sentimita 8 za kupanda kabla ya kugusa mpira wa kuzuia, na gari likashushwa sentimita 5, zimebaki 3. Wakipanda watu wanne wazima, gari dogo huzama sentimita 3 mpaka 4 nyingine. Hapo gari linasafiri likiwa limekalia mpira. Springi haipo tena kazini, na kila kokoto linapanda moja kwa moja hadi kwenye uti wa mgongo wa aliyekaa nyuma. Naye kwa kawaida si mwenye gari. Ni mama yake, au mke wake mwenye mimba ya miezi saba akipelekwa hospitali ya Bombo. Mwenye gari amekaa mbele, kiti amekilaza, muziki juu.

Wako pia wanaopasha springi moto kwa gesi ya kuchomelea mpaka ilegee na gari lijikalie lenyewe. Hao sina subira nao. Chuma cha springi hupewa nguvu yake kiwandani kwa moto na upoozaji wa kipimo, na ukikipasha hovyo unabaki na chuma kilegevu ambacho kesho kitazidi kuzama au kupasuka. Hiyo ni hujuma, na anayelipwa kwa kuifanya amelipwa kwa hujuma.

Kuna kosa jingine, la ustadi zaidi, linalotokana na kushusha pua peke yake au mkia peke yake. Mapema miaka ya 1930 Mwingereza Maurice Olley, aliyetoka Rolls-Royce kwenda General Motors ya Marekani, alitengeneza gari la majaribio lenye vyuma vizito vya kuhamisha mbele na nyuma, akawaendesha watu na kuwauliza wanavyojisikia. Aligundua kwamba springi za mbele zinapaswa kuwa laini kidogo kuliko za nyuma. Tuta huanza kulipiga gurudumu la mbele, kisha la nyuma. Nyuma ikicheza kwa haraka kidogo huiwahi mbele, na baada ya mpando mmoja bodi yote inakwenda sambamba badala ya kupembea kama kiti cha bembea. Anayekata springi za mbele na kuziacha za nyuma ameupindua mpangilio huo, na gari litampigia magoti kila tuta kutoka Kange mpaka Muheza. Anayeshusha nyuma tu ameziinua taa za mbele zimulike machoni mwa dereva wa lori anayetoka Segera usiku.

Basi anayetaka kushusha afanyeje? Nafasi inaniishia, nitasema kwa ufupi. Sentimita 2.5 hadi 3, mbele na nyuma kwa pamoja, ndiyo mpaka wangu kwa gari linalobeba watu. Tumia springi fupi zilizotengenezwa kwa ajili ya modeli hiyo, zenye mizunguko iliyosogeleana upande mmoja ili iwe laini mwanzoni na ngumu mzigo ukizidi. Shokapu ziwe fupi zinazolingana nazo, la sivyo gurudumu likining'inia springi itaachia kitako chake. Mpira wa kuzuia ubadilishwe uwekwe mfupi na laini, usitupwe. Kisha alaimenti, kwa sababu gurudumu lililopanda ndani ya bodi limebadili mwelekeo wake, na tairi litaliwa upande mmoja kabla ya miezi mingi kupita.

Na uache tairi zako. Tairi ya Vitz ya 165/70 kwenye rimu ya 14 ina ubavu wa milimita 115. Ukiweka 205/40 kwenye rimu ya 17, kipenyo cha gurudumu ni karibu kilekile, lakini ubavu umebaki milimita 82. Umetupa zaidi ya sentimita 3 za mpira na upepo, ambazo ndizo springi ya kwanza ya gari, kisha unamlaumu fundi kwa ugumu.

Japani kwenyewe zinakotoka gari hizi, ambako kushusha magari ni mchezo wa miongo mingi, gari dogo haliruhusiwi kupita ukaguzi likiwa na uwazi wa chini ya sentimita 9 kutoka ardhini. Wanaopenda mchezo huo hupima ili wabaki juu ya mstari. Sisi tuliichukua picha, kipimo tukakiacha bandarini.

Ombi langu kwa wakufunzi wa chuo cha ufundi cha VETA Tanga na kwa kila mwenye gereji anayefundisha vijana: mwanafunzi asikabidhiwe grainda kabla hajaweza kupima uzito wa kila pembe ya gari na safari ya kila gurudumu, na kuviandika. Nawe msomaji unayetamani gari lako lishuke, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, pembe zote nne, gari likiwa tupu na likiwa na abiria. Andika namba hizo kwenye karatasi umpe fundi. Akikurudishia bila kuisoma, washa gari uende gereji nyingine.