HUNDI HUCHACHA, DENI HALICHACHI

Mwenzenu nusura nizimie! Natafuta cheti cha mwanangu sandukuni, nakumbana na hundi ya mshahara wangu wa mwisho kazi ya zamani. Ina miezi 9! Mbio hadi benki. Keshia akaigeuzageuza, akacheka: "Mzee, hii imechacha. Mwisho miezi 6." Ada ya mtoto ndiyo hiyo inayeyuka.

Sikuichana. Wala sikuchezea tarehe kwa kalamu, maana hiyo ni jela. Nilitoa kopi, nikaandika barua, nikampelekea mhasibu mwenyewe mkononi. Akahakikisha haijalipwa, akaifuta, akaniandikia mpya.

Msomaji, kilichokufa ni karatasi tu, jasho lako bado unadai. Ila usilale: madai nayo yana muda wake kisheria.