Duka la Manukato: Jua Unachouza na Kilikotoka



Makala haya yanaeleza namna ya kuendesha duka la manukato na vipodozi bila kuvunja sheria na bila kumdhuru mnunuzi.

Pwani yetu haikufundishwa urembo na wageni. Tangu zamani wanawake husaga kijiti cha msiro juu ya jiwe kwa maji, wakapata uji mweupe wa kujipaka usoni. Nguo za harusi nazo hufukizwa udi. Kwa hiyo biashara hii haikosi wateja. Machafuko yaliyoanza Oktoba 2017 yaliwahamisha wengi, na wapo wanaorejea na kuanza upya kwa mtaji mdogo. Chupa za marashi hazihitaji ghala kubwa. Hata hivyo, mtaji mdogo haustahimili kupoteza shehena moja.

Jambo la kwanza ni asili ya bidhaa. Mzigo unaotoka Tanzania, uwe umevuka Mto Ruvuma au umekuja kwa jahazi, upitishwe forodhani. Weka pamoja alvará ya duka, risiti za ununuzi na hati za forodha. Bila karatasi hizo, ukiuziwa manukato bandia huna wa kumdai. Tena, katika hali ya usalama tuliyonayo, chombo kinachoshusha mzigo usiku hutiliwa shaka hata kama ndani yake mna marashi tu.

Jambo la pili ni lebo. Krimu na sabuni nyingine za kung'arisha ngozi huwa na zebaki. Sumu hiyo hupenya ngozini, huharibu figo na mishipa ya fahamu, na humfikia mtoto aliye tumboni. Kwa sababu hiyo, nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013, zilikubaliana mwaka 2023 kwamba mwisho wa vipodozi vyote vyenye zebaki uwe mwaka 2025. Tanzania nayo imepiga marufuku vipodozi vya zebaki na vya hydroquinone. Basi wauzaji wanaofukuzwa upande mmoja wa mto wasipate soko upande wa pili. Usinunue kopo lililoandikwa mercury, mercúrio au calomel, wala lile linaloonya lisiguse dhahabu, fedha au alumini. Lisilo na lebo, au lililochanganywa nyumbani kama mkorogo, lisikae rafuni.

Jambo la tatu ni uhifadhi. Joto na mwanga hubadili harufu ya manukato. Yaweke mahali penye kivuli, ndani ya maboksi yake. Manukato mengi yana alkoholi, nayo hushika moto upesi. Yasiwekwe karibu na chetezo, jiko wala petroli ya jenereta.

Jambo la nne ni ukaguzi. Afisa akifika, mpokee kwa utulivu na umwonyeshe hati zako. Nawe una haki ya kumwomba kitambulisho. Bidhaa zikichukuliwa, omba orodha iliyoandikwa na kutiwa saini, yenye idadi ya kila kitu. Usitoe fedha isiyo na stakabadhi; anayeidai anastahili kuripotiwa kwa wakubwa wake, hata akiwa amevaa sare kama yetu.

Mwenye duka akigundua kwamba tayari ameuza krimu yenye shaka, asinyamaze kwa kuona haya. Aiondoe rafuni, awaarifu walionunua waache kuitumia, na awashauri waende kituo cha afya, hasa wajawazito na wanaonyonyesha. Atapoteza faida ya wiki moja, lakini wanunuzi wake ni majirani zake, na ataendelea kuonana nao kisimani na msikitini.

Wahenga walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Muuzaji anayekufuata gizani kwa bei ya kutupa, muulize kwanza kwa nini hakuja mchana.