Waya Ambao Rubani Anaujua

Helikopta hugonga nyaya kwa sababu kazi zake nyingi ziko chini. Ndege ya abiria ikishapaa haina habari na nguzo za umeme. Helikopta inayonyunyizia dawa mashambani, inayofuata majeruhi barabarani au inayokagua laini za umeme hurudi kwenye kimo cha nguzo hizo kila siku.

Nyingi ya ajali hizi hutokea mchana kweupe, anga likiwa safi. Waya wenyewe ni mwembamba, na ukizeeka hupoteza mng'ao: wa alumini huwa kijivu, wa shaba hugeuka kijani, ukapotelea kwenye mawingu au miti iliyo nyuma yake. Hata ukionekana, jicho hushindwa kukadiria umbali wake. Kwa hiyo marubani hufundishwa kutafuta nguzo badala ya waya, na kuvuka laini juu ya nguzo yenyewe. Minara ya msongo mkubwa ina mtego wa ziada. Juu kabisa hupita waya wa kukinga radi, mwembamba kuliko nyaya za umeme. Rubani anayeinua helikopta ili akwepe nyaya nene anazoziona huweza kuuvaa ule asiouona.

Kutoona, hata hivyo, si maelezo kamili. Wachunguzi wa ajali wa Australia walipopitia matukio ya ndege za mashambani ya mwaka 2001 hadi 2010, walikuta kwamba zaidi ya nusu ya marubani walikuwa wanajua waya ulipo kabla ya kuugonga. Kazi iliwateka, wakausahau.

Waya ukifika kwenye mhimili wa rafadha huweza kukata vyuma vinavyoiongoza. Ukinasa miguu, helikopta huweza kupinduka.

Katika miaka ya 1970 kampuni ya Bristol Aerospace ya Kanada ilibuni visu vya kukatia waya, vinavyofungwa juu na chini ya sehemu ya mbele. Ni kifaa kizuri, lakini si cha kutegemewa peke yake: huhitaji helikopta iwe na mwendo na iukabili waya kwa mbele. Ikiwa inaelea, au waya ukigusa mkia, visu havisaidii kitu. Matufe ya rangi ya machungwa yanayotundikwa kwenye waya ili uonekane husaidia, ila huwekwa kwenye laini chache tu.

Marubani makini hulizunguka eneo kwa juu kwanza, wakizitambua nguzo zote kabla ya kushuka. Mpango wa kazi ukibadilika katikati, hupanda tena na kuanza ukaguzi upya.